Neno Lililombakia Mzee

Kiharusi kilipompiga mzee kilimnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja tu: "No." Miaka nenda rudi alikuwa mpokea simu wa hoteli, akiongea Kiingereza na wageni kutwa nzima. Kwa nini ulimi uling'ang'ania kineno hicho na kuyaacha mengine, hata daktari hakujua.

Bintiye, fundi cherehani, alihamishia mashine chumbani kwa baba ili ashone huku akimtazama. Mwanzoni alihangaika.

"Baba, uji?"

"No," na mdomo keshaufungua.

"Nizime taa?"

"No," na macho keshafumba.

Taratibu akamzoea. No ya mkato ilikuwa kukataa kweli. No ya kuvuta, kama ya mtu anayebembeleza mtoto, ilikuwa ndiyo, asante, sogea karibu. Wateja waliokuja kupimwa nguo walitania kwamba mzee ana msimamo, naye akacheka nao kwa upande mmoja wa uso.

Kisha akaja kaka mtu, dereva wa malori. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu baba alipogoma kuhudhuria harusi yake na wao wawili wakatoleana maneno makali. Alimkuta mzee kakonda, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, siku ile nilikuvunjia heshima. Umenisamehe?"

Mzee akamkamata kwa mkono wake mzima. "No," alisema, akilivuta, machozi yakimtiririka. "No. No."

Kaka akauchomoa mkono wake polepole, akainuka, akatoka.

Dada akamkimbilia hadi barabarani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kaka, rudi. Hana neno jingine. Kwake hiyo ni ndiyo."

"Mdogo wangu, neno hilo alikuwa nalo hata alipokuwa mzima."

"Rudi umsikilize vizuri, basi."

"Nimemsikiliza maisha yangu yote," akasema, akapanda lori lake.

Tangu hapo mzee akawa wa kukodolea macho mlango. Uji ukiletwa, anafumba mdomo na kugeukia ukutani, hata ile no haitoki. Dada alipiga simu, haikupokewa. Akatuma ujumbe, kimya. Wiki haikuisha, mzee akakata roho.

Kaka aliwahi mazishi. Watu walipotawanyika, wakabaki wawili kwenye benchi la uani.

"Ulikuwa na hakika?" kaka akauliza, bila kumtazama.

Dada alielewa anaulizwa nini. Angesema hana hakika, angemtua kaka yake mzigo mmoja na kumtwisha mwingine.

"Nilikuwa na hakika. Alikuwa anakusamehe."

Kaka akajiinamia, mabega yakamtikisika. Dada akasogea, akamwekea mkono mgongoni, wakakaa hivyo mpaka giza likawakuta palepale.