Taa ya Kuonyesha Imezimwa

Mwanangu Alexander alinibomolea nyumba, halafu akaniletea taa. Nalisema mwanzoni ili mtu asije akaniuliza mbona nilikasirika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na nyasi, ndiyo, lakini ilikuwa yangu. Mwaka wa tisini na sita waya wa stima unaokwenda kiwanda cha majani chai ulipita karibu na boma letu, na Alexander akaunganishiwa. Watu wa stima wakasema paa la nyasi lisikae chini ya waya. Kufika jioni nyumba yangu ilikuwa chini.

"Mama, utalala kwa sitting room kidogo tu," Alexander aliniambia. "Mbao yako iko tayari. Nitakujengea ya mabati, huko juu kidogo."

Mbao zilikuwepo kweli, zimepangwa nyuma ya zizi. Zilipasuliwa kutoka kwa misaipresi niliyoipanda na marehemu mume wangu. Mvua ikaja, ikaisha, ikaja tena. Mbao zikaanza kuota kuvu. Alexander hakuleta hata msumari mmoja. Alileta televisheni, kisha video, kisha lile sanduku la kulinda stima wanaloliita stabilaiza, na vyote vikapangwa kwenye kabati lililotazama godoro langu. Godoro lenyewe nililikunja kila asubuhi na kulificha nyuma ya kochi kama mwizi anayeficha kuku.

Sasa niwaambie kuhusu hizo taa. Televisheni ilikuwa na jicho jekundu, dogo kama punje ya mtama, lakini likikutazama usoni utadhani ni kaa la moto. Video ilikuwa na namba za kijani zilizosema saa sita kamili, zikizima na kuwaka, saa sita kamili, kwa sababu hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kuirekebisha saa yake. Stabilaiza nayo ilikuwa na taa zake za rangi rangi, sijui ilikuwa inaenda harusi gani. Mimi nimezaa watoto gizani na nikawaona vizuri. Uzee huu nizikeshee taa ambazo hata kitabu huwezi kusomea?

"Alexander," nilimwita siku moja baada ya habari kwisha, "umezima hii televisheni?"

"Nimezima, mama."

"Na hiyo nyekundu ni nini?"

"Hiyo ni ya kuonyesha imezimwa."

Nilimtazama mtoto niliyemsomesha mpaka akawa karani wa kituo cha kununua majani. Taa ya kuonyesha imezimwa! Mimi nikizima koroboi, giza lenyewe ndilo huonyesha imezimwa. Nikamwambia ang'oe waya ukutani. Akasema hapana, stima ikikatwa ghafla itaharibu kitu, na nisiguse, nisije nikapigwa shoti.

Mke wake, Nyamusi, alijaribu kunisaidia. Nyamusi ni Mkisii wa ng'ambo ya Chepilat, soko la mpakani kati ya kwao na kwetu, kwa hiyo nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa njia yake. Ni msichana mzuri. Alileta kitambaa alichokifuma kwa mkono, cheupe, akakitandaza juu ya televisheni mpaka kikafunika lile jicho. Lakini kitambaa cha kufuma ni matundu matupu. Usiku huo sikuwa na taa moja tena, nilikuwa na vidoa vyekundu ukutani, kwenye dari, na kimoja juu ya blanketi langu. Nikaomba gunia. Nyamusi akasema gunia litafanya kitu kishike moto.

Basi nikatumia kitu ninachokijua. Kila mwanamke wa kwetu ana makaa ya kibuyu. Ni mkaa wa mti wa senetwet, unasagwa, na unasuguliwa ndani ya kibuyu kwa ufito kabla ya kutia maziwa ya mursik, yaani ya kugandisha, ili yalale vizuri na yanukie. Siku moja, nikitayarisha vibuyu vyangu, nilichota mkaa kidogo kwa kidole, nikauchanganya na samli ili ushike, nikaupaka juu ya lile jicho na kioo chake cheusi chote kilicholizunguka. Uso wa televisheni ulikuwa mweusi tayari. Hakuna mtu angeona kitu. Nililala kama mtoto mchanga.

Kesho yake televisheni ilikuwa imekufa. Vitufe vyake vya mbele vilikuwa vimekufa zamani, tangu kwa mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo maisha yake yote yalikuwa kwenye rimoti. Alexander alibonyeza rimoti mpaka kidole kikamuuma. Akabadilisha betri. Akaipiga televisheni kofi. Hakuna taa, hakuna sauti. Mimi sikujua kama ni kazi yangu, na nikiwaambia nilihuzunika nitakuwa ninadanganya.

Kilichomtia Alexander jasho ni kwamba wakwe zake walikuwa wanakuja Jumapili. Baba ya Nyamusi, mzee Nyaberi, alikuwa mgonjwa siku ya harusi, hakuiona, na Alexander alikuwa amemwahidi kumwonyesha kanda ya video. Akamwita fundi kutoka Chepilat, kijana anaitwa Ondieki. Ondieki alifika Jumapili hiyo hiyo, wakwe wakiwa wameshakaa na chai mkononi. Akainama mbele ya televisheni, akavuta pumzi kwa pua, akatikisa kichwa.

"Hii imeungua ndani," akasema. "Si mnasikia hiyo harufu ya moshi?"

Nami nikaisikia. Nikaijua. Ilikuwa harufu ya kibuyu changu! Mwanangu amekunywa mursik tangu aote meno, na sasa ananusa mkaa wa mama yake na kukubali kwamba televisheni imeungua. Nilitaka kucheka, lakini Ondieki alikuwa bado anaongea.

"Niko na ingine nzuri huko kwangu. Naweza leta leo. Lakini ile mbao nimeona nyuma ya zizi, ndiyo nataka."

Alexander hakunitazama. "Beba tu," akasema.

Miti niliyoipanda kwa mikono yangu, nikaimwagilia maji kutoka mtoni nikiwa na mimba yake yeye Alexander, ibebwe na fundi ili wageni watazame televisheni! Nyamusi aliinamisha kichwa. Nikasimama.

"Mkwe," nikamwambia mzee Nyaberi, "samahani nikiongea mbele yako. Hiyo mbao ni ya nyumba yangu. Nyumba yangu ilibomolewa. Mimi nalala hapa, hapa ulipoweka miguu."

Mzee Nyaberi aliinua miguu kutoka sakafuni kama mtu aliyekanyaga siafu. Kwao na kwetu, mkwe kukaa mahali pa kitanda cha mama wa nyumba ni aibu isiyosemeka. Uso wa Alexander ulibadilika.

"Mama, tafadhali. Si leo."

"Ni leo. Nikiwasha hiyo kitu sasa hivi, hiyo mbao ni ya nani?"

Ondieki akacheka. Alexander, kwa hasira na aibu, akasema, "Ukiwasha, mama, mbao ni yako, na kesho tunaanza kujenga!"

"Nimesikia," akasema mzee Nyaberi polepole. Neno lililosemwa mbele ya mkwe halirudishwi, na Alexander alilijua hilo kuliko mimi.

Nikatema mate kwenye ncha ya leso yangu, nikapangusa mkaa wangu wote. Jicho jekundu likafunguka. Nilikuwa sijawahi kulifurahia, siku hiyo nililifurahia. Nyamusi akabonyeza rimoti, nayo sasa ikapenya kile kioo nilichokuwa nimekiziba, picha ikaja, naye akaziba mdomo asicheke. Ondieki alikusanya bisibisi zake bila kuaga.

Wakaweka kanda. Nyamusi alitokea na shela lake, Alexander na suti yake, watu wanaimba. Nyuma yao, wazi kabisa, ilisimama nyumba ya nyasi, na moshi ukitoka juu yake, maana siku hiyo nilikuwa ndani ninawapikia.

"Hiyo nyumba nzuri ni ya nani?" akauliza mzee Nyaberi.

Nilimwachia mwanangu ajibu.

"Ilikuwa ya mama," akasema.

Asubuhi nilisikia nyundo kabla sijakunja godoro. Nyumba ilipokwisha, Alexander alikuja kupima mahali pa kupitisha waya wa stima, akisema sasa paa ni la mabati, hakuna shida. Nilimwambia aende na waya wake. Jioni ya kwanza nilikaa nikatazama mbao zangu pande zote, nikazigusa. Kisha nikapuliza koroboi. Ikazimika.