Bakteria wa Mwalimu Nagwan Watoa Ushahidi

Mwalimu Nagwan Shalabi aliingia darasa la kwanza, katika shule ya wasichana mjini Damanhur, Misri, akiwa ameoga mara mbili tangu alfajiri. Watoto wakasimama, wakamwamkia, wakaziba pua. Hawakuwa watoto wabaya. Waliwaona mama zao wakifanya hivyo getini.

Nagwan alinuka samaki. Daktari Wagdi wa maabara ya chuo kikuu alishamweleza sababu: bakteria wa utumbo wake, wakipata mayai, maini au maharage, hutoa gesi yenye harufu hiyo. Ini la watu wengine huimaliza kimyakimya. Lake lilizaliwa bila uwezo huo, basi harufu hutokea kwenye jasho na pumzi. Sabuni haifiki huko. Lakini mwalimu mkuu, Bi Inshirah, hakutaka kusikia habari za ini.

"Kaoge, mwanangu," alimwambia mbele ya walimu wote. "Maji ya Nile hayajakauka."

Siku hiyohiyo alimwita ofisini ili amnyang'anye darasa. Nagwan alifungua mdomo ajitetee, bakteria wakamtangulia. Walisema kutoka chini ya mkanda wake, wengi kwa pamoja, kwa lafudhi ya hapohapo mjini.

"Samahani, bibi mkubwa. Ni sisi. Huyu dada anajisugua mpaka anachubuka. Harufu ni kazi yetu."

Bi Inshirah aliweka chini glasi yake. "Mko wangapi?"

"Hatujahesabiana."

"Haya, karibuni. Habari za huko ndani?"

"Giza tu, lakini tunamshukuru Mungu."

Akawaagizia chai. Akainywa Nagwan, maana hapakuwa na njia nyingine ya kuwafikishia.

"Kwa hiyo dada hana kosa," wakasema bakteria.

"Nani kasema ana kosa? Maskini, hana hata chembe. Ila wazazi wana pua, wanangu."

Darasa akapewa mwingine. Nagwan akapelekwa stoo, kulinda ramani na madawati mabovu. Kuitwa mchafu alishakuzoea. Kuambiwa hana kosa na kuadhibiwa papo hapo, hilo ndilo lililomkasirisha.

Ikaja Jumatatu ya Sham el-Nessim, sikukuu ya Wamisri ya kukaribisha majira ya machipuko. Mji mzima ulikaa kwenye nyasi kandoni mwa mfereji, ukala fesikh, yule samaki wa chumvi anayeachwa aoze kwanza ndipo aitwe mtamu. Kesho yake shule ilinuka kuanzia getini hadi darini. Hakuna aliyeziba pua. Walimu walinusishana vidole na kuchekana.

"Mwenzangu, umekula au umeoga nayo?"

Nagwan hakugusa fesikh. Kwa wiki nzima alikuwa amekula wali na matango tu, na asubuhi ile, katika shule nzima, yeye peke yake hakunuka chochote.

Bi Inshirah alishuka stoo na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta. "Zawadi ya wageni wako. Nimewawekea kipande cha mgongoni."

"Mungu akuzidishie, bibi mkubwa," wakajibu bakteria.

"Nirudishie darasa langu," Nagwan akasema. "Leo sinuki. Unayenuka ni wewe."

Bi Inshirah alicheka mpaka akafuta machozi. "Mimi nanuka sikukuu, mwanangu."

Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wakisoma kwa sauti herufi alizowafundisha Nagwan. Bi Inshirah akaweka kifurushi juu ya dawati bovu, akawaaga bakteria, akatoka. Akaufunga mlango vizuri, harufu isifike madarasani.