Ukurasa wa Shangazi

Saa mbili na robo asubuhi mjane alikuwa wa nne kwenye foleni ya ofisi ya usajili wa ng'ombe wa maziwa, bahasha ya karatasi kwapani na kamba mbili mkononi. Hii ilikuwa safari yake ya tano. Safari ya kwanza karani alikuwa semina. Ya pili, mhuri ulifungiwa kabatini na mwenye funguo alikuwa msibani. Ya tatu fomu zilikuwepo, ila zilikuwa za mbuzi. Ya nne karani alikuwepo, fomu zilikuwepo, mhuri ulikuwepo, na mjane akajua tu kwamba hapa pana jambo.

"Mama yake huyu mtamba yuko wapi?" karani alikuwa ameuliza siku hiyo.

"Alikufa, mwanangu. Wiki moja tu baada ya kumzaa."

"Mlete tumkague. Bila kumwona mama, ukoo siuandiki."

Mjane alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Ijumaa daftari la ukoo lilikuwa linafungwa. Ng'ombe ambaye angefika saa tisa alasiri hajaandikwa, angehesabiwa chotara, yeye na uzao wake wote, na hapakuwa na rufaa. Marehemu mumewe alitumia miaka ishirini na miwili kuujenga ukoo ule, akichagua fahali mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu wa mzazi anayemchunguza mkwe. Katika kazi yote hiyo alikuwa amebaki mtamba mmoja.

Basi Ijumaa asubuhi, alipomaliza kufagia banda, mjane alikwenda nyuma ya ua, mahali walipomfukia mama wa mtamba, akagonga ndoo mara tatu kama zamani. Shangazi akatoka udongoni pole pole, akiinua miguu ya nyuma kwanza kama ilivyo desturi ya ng'ombe, akajikung'uta, akangoja kufungwa kamba. Alikuwa amekonda kidogo. Jina la Shangazi alipewa na marehemu, kwa sababu tangu akiwa ndama aliingia bandani kama shangazi aliyefika arusini akakuta viti havijapangwa. Mjane alimfuta udongo masikioni ili namba ya hereni isomeke, wakaanza safari, wote watatu.

Kwenye foleni watu walinung'unika. Hawakunung'unika kwa kuwa Shangazi ni mfu, bali kwa kuwa alichukua nafasi ya watu watatu na kuziba feni.

"Nimemleta," mjane alisema alipofika dirishani.

Karani alisimama, akachungulia. Akasoma namba ya hereni, akateremsha daftari kubwa kutoka rafuni, akalambalamba kidole na kufunua kurasa. Katika ofisi ile kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na umbo la ng'ombe lililochapwa kwa mistari mitupu, ubavu wa kushoto na wa kulia, ambamo mkaguzi alichora mabaka kwa kalamu. Mabaka ya ng'ombe hayafanani, kwa hiyo mchoro ndio ulikuwa shahidi. Karani alipeleka macho kutoka kwenye karatasi hadi kwa Shangazi, na kutoka kwa Shangazi hadi kwenye karatasi. Baka lenye umbo la kandambili lilikuwepo ubavuni kushoto. Doa la jicho lilikuwepo.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Hapo huna tatizo, mama."

"Alhamdulillahi. Sasa mwandike mtoto wake."

"Tatizo ni mtoto. Mtamba wako amezaliwa mwezi wa sita. Lakini Shangazi, mwaka huohuo, mwezi wa nane, alizaa dume. Limeandikwa hapa. Ng'ombe hawezi kuzaa mwezi wa sita halafu azae tena mwezi wa nane. Hiyo haiwezekani."

Aliitamka kauli hiyo ya mwisho kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Shangazi alikuwa amemgeukia mtamba, akimlamba shingoni.

"Dume gani?" mjane aliuliza. "Alimzalia wapi?"

Karani akamgeuzia daftari. Mjane alivaa miwani, akasoma. Shangazi, ambaye alizaa mara nne maishani mwake, ukurasani alikuwa na ndama sita bila kumhesabu mtamba, na watatu kati yao walikuwa wamezaliwa baada ya yeye kufukiwa. Wote hao watatu, ambao mjane hakuwajua, walikuwa katika shamba la mwenyekiti wa chama cha wafugaji. Na juu kabisa, kwenye mstari wa mmiliki, jina la marehemu lilikuwa limepakwa rangi nyeupe, na juu ya ile rangi lilikaa jina la mwenyekiti, kwa mwandiko mzuri.

Mjane alikumbuka. Marehemu alipolazwa hospitalini, mwenyekiti alijitolea kuipeleka kadi ya Shangazi ofisini ikahuishwe. Alimshukuru. Alimfungia hata mayai. Sasa alitamani mayai yale yangekuwa viza.

"Hawa ni ndama machotara wa mwenyekiti," alisema. "Anawapa ukoo wa ng'ombe wangu. Wewe mwenyewe huoni? Mfu anazaaje kila mwaka?"

"Daftari halina taarifa kwamba amekufa. Uliwahi kuleta cheti cha kifo?"

"Cha ng'ombe?"

"Ungekileta, ukurasa ungefungwa siku ileile. Watu hawaleti, mama. Ndiyo shida yetu kubwa hapa. Nenda chumba namba sita kwa bwana mifugo, akikuandikia nafuta hao watatu sasa hivi."

Mjane akaenda chumba namba sita. Bwana mifugo aliweka chai kando, akamwekea Shangazi kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Akamfunua ukope. Akamshika pua.

"Moyo haupigi," alisema. "Na hapumui."

"Basi andika."

"Siwezi kuandika kifo cha ng'ombe aliyesimama, dada yangu. Mwongozo unasema awe amelala ubavu."

Mjane alimbembeleza Shangazi alale. Shangazi hakulala. Alikuwa amelala miaka miwili, na sasa mwanawe alikuwa mbele yake. Mjane akamsukuma, akamvuta mkia, akamtukana tusi ambalo hakuwa amelitamka tangu aolewe. Bwana mifugo alikunywa chai yake yote akisubiri kwa nia njema.

Saa nane na dakika arobaini wakarudi dirishani. Karani alikuwa ameshaijaza fomu ili kumwokolea muda. Penye neno "mama" aliandika: hajulikani. Penye "ukoo" aliandika: chotara. Akagonga mhuri, akasukuma karatasi, na kumwomba mjane awasogeze ng'ombe wake mlangoni ili watu wapite.

Aliyekuwa anataka kupita ni mwenyekiti. Aliingia akisalimia kila mtu, akamuuliza mjane habari za watoto, na alipomwona Shangazi uso ukamchangamka kwa furaha ya kweli.

"Kumbe yuko kwako, shemeji! Ng'ombe wangu bora huyu." Akamgeukia karani. "Namba si yenyewe?"

"Ni yenyewe, mzee. Na mchoro pia."

"Nilimzika kwa mikono yangu," mjane alisema. "Huna haya? Nilimzika!"

"Pole sana, shemeji. Ahsante kwa kumtunza," mwenyekiti alisema, akaipokea kamba ya Shangazi.

Mjane aliing'ang'ania mpaka viganja vikachubuka. Karani alitoka nje ya kaunta, jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale, akamfungua vidole kimoja kimoja, akimwita mama kila kidole. Shangazi alivutwa nje. Mara mbili aligeuza kichwa, mara ya tatu akatembea tu, kwa sababu tangu zamani hakuwa ng'ombe wa kukataa kamba. Saa tisa kamili karani akalifunga daftari na kulirudisha rafuni.

Mtamba alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Mjane hakumnyamazisha. Naye alikuwa akilia, kwa sauti, katikati ya barabara, na waliowapisha walidhani ni ng'ombe wawili.