Wino wa Masizi

Kwa miaka kumi na tisa kitabu cha nyimbo cha kwaya ya kigango kiliandikwa na mkono mmoja tu, wa Vitalia, na mwandiko wake ulijulikana kutoka Mkumbi hadi Lituhi. Kwa hiyo Padre alipotangaza kwamba jubilei itakuwa na kitabu cha sala cha kuandikwa kwa mkono, kisha ukurasa wa kwanza akampa Mwalimu Eunice, Vitalia aliona kama amemeza mwiba wa samaki mbasa.

Eunice alikuwa mgeni, mwaka wa pili tu tangu ahamishiwe huku kutoka Tanga. Babu yake alikuwa mfunga vitabu, akamlea kwa mashairi ya Waajemi. Basi kila siku ofisini kwa Padre ni hayo hayo. Kalamu ya tete, aliyoikata mwenyewe ufukweni Lituhi, eti hukatwa kichwa ndipo iseme, halafu huinamia karatasi kama mtu anayesujudu. Karatasi hupakwa uji mwepesi wa wanga na kusuguliwa kwa jiwe mpaka ing'ae. Ndivyo moyo unavyoandaliwa kumpokea Mungu. Wino ni masizi ya taa, kitu kilichoungua kwa mapenzi, nao ukioshwa kwa maji hutoka wote, kama dhambi ya mwenye kutubu. Padre alisikiliza mdomo wazi. Nyimbo mia nne Vitalia ameandika, na Padre hajawahi kumsikiliza hivyo hata siku moja.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Vitalia alikuwa ameshaanza kukonda.

Jumatano mchana, Eunice akiwa darasani, Vitalia aliukuta ukurasa mezani umekauka. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomchoma. Akalowesha kitambaa, akakipitisha mara tatu, na Baba Yetu yote ikaondoka. Karatasi ikabaki nyeupe, inang'aa vilevile.

Eunice aliporudi aliigeuza ile karatasi tupu, akamsogezea Vitalia.

"Andika wewe, Dada Vitalia," alisema. "Mimi sina nguvu ya kurudia."

Vitalia akaandika jioni ile ile. Masizi hakuyagusa, alinunua dukani wino usiofutika. Alishajua watu walivyo.

Lakini sala uliyoijua tangu utotoni huisomi unapoinakili. Mkono hukimbia wenyewe. Kesho yake Eunice alipoupitia ukurasa, kidole chake kilisimama katikati.

"Dada, umeruka mstari."

Mungu naye ana utani wake: ulikuwa ule wa kuomba msamaha. Karatasi nyingine ya namna ile haikuwepo, na jubilei ilikuwa Jumapili.

"Si neno, tunaosha," Eunice alisema, akachukua kitambaa. Akasugua. Akasugua tena.

"Mbona hautoki?"

"Niliogopa mtu asije akauosha," Vitalia alijibu, na neno lilipomtoka akatamani kulirudisha.

Eunice akaweka kitambaa chini. "Kama mtu alivyouosha wangu."

"Ni mimi, Mwalimu." Machozi yalimtoka. "Nilikuonea wivu. Ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika. Nisamehe."

Eunice akachovya tete kwenye masizi, akamkabidhi.

"Bado sijakusamehe," alisema. "Huo mstari uandike pembeni."

Vitalia akainama, akauandika, safari hii akisoma neno moja moja.