Taa Nyekundu za Orrin

Katika bunge la jimbo la Minnesota, mbunge mpya hapitishi muswada wake wa kwanza bila kutaniwa. Wenzake humuuliza maswali ya kipuuzi, kisha wote humpigia kura ya hapana, taa za ubao wa kura zikawa nyekundu tupu. Akishatokwa jasho, ndipo wanapozigeuza kijani, na muswada ukapita.

Orrin Skogen aliisubiri zamu yake kwa hamu. Wakati wa kampeni aliwaambia watu, mlango kwa mlango, kwamba anaishi na mume wake Curtis, na wakamchagua. Sasa alisimama na muswada wa kupanda maua ya nyuki kando ya barabara.

Hakuna aliyeuliza kitu. Walimtazama kwa adabu, kama mtu aliyefiwa.

Orrin akapandwa na hasira. "Mheshimiwa Spika, jana mlimkaanga mgeni mwenzangu Bakken kwa muswada wa mbolea. Kwangu mnaogopa nini? Nyuki, au mume wangu?"

Mzee Delbert Kjos, mkulima wa chama pinzani, akavuta kipaza sauti.

"Huyo mumeo ndiye Curtis aliyembwaga mke wangu kwenye mashindano ya keki?"

"Ndiye, mzee."

"Basi nyuki wako hawapati hata ua moja! Tangu siku ile sijapikiwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Maswali yakamwagika: nyuki watalipa kodi? Watajiandikisha chama gani? Spika akaita kura, na taa zote zikawaka nyekundu.

Orrin akaupiga picha ubao, akamtumia Curtis: "Wamenikataa wote. Leo tunasherehekea."