Shofere wa Kiti cha Nyuma

Edmond Hakorimana alikuwa shofere, na ushahidi alikuwa nao mfukoni: permi ya kuendesha gari, yenye picha yake, muhuri wa Serikali, na ukurasa mzima mweupe wa kuandikia makosa. Ukurasa huo aliupenda kuliko picha. Baba yake alilima maharage na mihogo kwenye vilima vya Masisi, babu yake vivyo hivyo, na yeye mwenyewe aliosha magurudumu ya malori ya shamba la pareto miaka mitatu kabla mzungu yeyote hajamruhusu kugusa usukani. Sasa, mwaka huu wa 1954, msafirishaji mmoja wa Goma alikuwa amemwambia hivi: njoo Jumatatu na permi yako. Nikikuta ukurasa ule bado mweupe, lori jipya ni lako. Nikikuta hata nukta moja ya wino, rudi kwa baba yako ukapande maharage.

Ilibaki safari moja tu kwenye gareji ya kukodisha magari alikokuwa kibarua. Mkewe, Anastasie, alimfungia viazi vitamu akamwambia, "Uendeshe polepole, baba watoto." Edmond akacheka peke yake. Kuendesha! Maskini mtoto wa watu, hakujua.

Maana mteja, Bwana Dussart, alikuwa ametoka Ubelgiji wiki iliyopita kuja kutazama wanyama wa pori, na huko kwao alikuwa amesoma gazetini kwamba mwanamume kamili huingia porini ameshika usukani mwenyewe. Sheria ya gareji ilisema gari halitoki bila shofere. Haya, shofere akachukuliwa. Akapakiwa nyuma, kati ya sanduku la bati, hema na kreti ya bia.

"Mimi iko naendesha," Bwana Dussart alimweleza. "Wewe iko nakaa. Kama gari nakwama, wewe nasukuma. Compris?"

"Ndiyo, Bwana."

Gareji ikaandika kwenye karatasi: gari moja, shofere mmoja, Hakorimana Edmond. Bwana Dussart akatia sahihi bila kusoma. Mtu anayejua kila kitu asome ya nini?

Wakaondoka Alhamisi asubuhi, Bwana mbele, Madame Dussart kando yake na kofia pana kama ungo, shofere nyuma na bia. Walipofika Sake, njia inapogawanyika, Edmond akakohoa kwa adabu. "Bwana, nyama unatafuta, simba na viboko, iko upande wa Rutshuru, kule kwenye mbuga. Uku juu iko ng'ombe na maharage. Kisha iko pori tupu, hata nyama ikikuwa mbele yako hauione."

Bwana Dussart alikunjua ramani yake, akapiga kidole upande wa Walikale. "Hapa rangi ya kijani. Kijani mingi, nyama mingi! Na rezervi iko, imeandikwa."

Kweli ilikuwa imeandikwa. Edmond alijua rezervi ile ya wanyama. Ilikuwa ni msitu kama misitu mingine, ila wenye bahati ya kupewa kibao. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye ramani mpishe mara mbili.

Kilichomuuma zaidi ni kupita Masisi. Njia ilipanda katikati ya mashamba ya kwao, na kilima kizima kilishasikia kwamba mutoto wa Hakorimana amekuwa shofere, tena wa magari ya wazungu. Watu wakasimama na majembe yao. Shangazi yake, Mukandori, ambaye sauti yake haikuhitaji simu, akapiga ukelele kutoka kwenye shamba la maharage: "Edmond! Walikufunga? Uliiba nini?"

"Hapana, shangazi! Niko kwenye kazi!"

"Kazi gani ya kukaa nyuma na chupa?"

Kilima kikacheka. Edmond akaona aibu mpaka masikio yakawaka, akajificha nyuma ya hema kama mwizi kweli.

Ijumaa wakaingia rezervi. Mlangoni palikuwa na kibao: MARUFUKU KUSHUKA GARINI, HATARI YA KIFO. Bwana Dussart alikisoma kwa sauti, kwa furaha, mara mbili. Hatua mia mbili mbele gari likazama kwenye matope hadi tumboni, naye akageuka nyuma. "Shuka. Sukuma."

"Bwana, kibao..."

"Kibao ya watalii! Wewe mutalii?"

Basi asiyekuwa mtalii akashuka. Siku ile alishuka mara kumi na moja. Alisukuma hadi matope yakamwingia meno, na kila gari lilipochomoka, Bwana alimwambia Madame kwa Kifaransa kwamba siri ni kujua kucheza na klachi. Kwenye kila kona mguu wa kulia wa Edmond ulikanyaga breki isiyokuwepo, ukaishia kupiga kreti ya bia.

Na wanyama? Waliona miti. Waliona miti mikubwa, na nyuma yake miti mingine. Waliona kinyonga mmoja, ambaye hakuharakisha, na mkia wa nyani ambao huenda ulikuwa tawi. Mchana Bwana Dussart akachoka kungoja, akaanza kupiga honi ili kuwaamsha.

"Bwana, honi inawakimbiza."

"Kimya! Nani naendesha?"

Swali zuri hilo. Mtu angelitunza vizuri lingemfaa sana kesho yake.

Jumamosi asubuhi walikuwa wanakaribia Pinga, wametoka rezervi bila picha hata moja, na Bwana Dussart alikuwa amekasirikia bara zima la Afrika. Ndipo kwenye kona, kando ya nyumba mpya ya wageni ya Serikali, akatokea mbuzi mwenye madoadoa. Mbuzi wa mtu, mwenye kengele shingoni.

"Léopard! Chui!" akapiga kelele Bwana Dussart, akaachia usukani na kunyakua kamera kwa mikono miwili.

Edmond akakanyaga kreti kwa nguvu zake zote. Kreti haikusimamisha kitu. Gari lilimpita mbuzi, likaruka mfereji, likang'oa nguzo mbili za baraza na kusimama juu ya meza ambapo, dakika moja kabla, Bwana Administrateur, mkubwa wa teritware, yaani wilaya nzima, aliyekuwa amekuja Pinga kuhesabu watu, alikuwa amewekewa kahawa yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia ndani kutafuta sukari. Sukari ilimwokoa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bwana Dussart alivunjika mkono, labda kwa sababu Edmond hakuwa mkuu. Madame hakuumia, kofia tu ndiyo iliyopondeka. Edmond alitoka na nundu kichwani na bia mwili mzima.

"Shofere ni nani?" akauliza Bwana Administrateur, kijiko bado mkononi.

Bwana Dussart, ambaye siku tatu nzima alikuwa ametangaza kwa lugha mbili jinsi anavyoendesha, alikumbuka ghafla kwamba anajua kusoma. Akatoa ile karatasi ya gareji kwa mkono mzima. "Imeandikwa hapa. Hakorimana Edmond."

"Bwana!" Edmond akaonyesha kreti. "Mimi nilikuwa nyuma na mizigo! Madame aseme!"

Madame aliitazama kofia yake iliyopondeka kwa uchungu mwingi, akaanza kuinyoosha. Ilihitaji kunyooshwa polepole sana.

"Tuko watu wa haki," alisema Bwana Administrateur, akipangusa kahawa kwenye viatu. "Panda hapa mbele. Kaa kwenye usukani, nione."

Edmond akapanda. Na alipokaa, moyo wake ukaruka kwa furaha, akataka kuimba zaburi palepale. Bwana Dussart alikuwa na miguu ya korongo, na kiti alikuwa amekisukuma nyuma hadi mwisho. Miguu ya Edmond ilining'inia hewani. Alinyoosha vidole, akanyoosha tena, na kati ya kiatu chake na breki ilibaki nafasi ya shibiri nzima. Mwenye macho haambiwi tazama! "Bwana, angalia mwenyewe," akasema, sauti ikitetemeka kwa shukrani. "Haifike! Hata klachi haifike!"

Bwana Administrateur aliinama, akapima kwa macho, akatikisa kichwa kama mganga aliyegundua ugonjwa.

"Njo maana," alisema. "Breki haifikii, na anathubutu kuendesha watu! Inawezekana vipi wasianguke?"

Akadai permi. Akafungua ule ukurasa mweupe, ukurasa wa miaka mitatu ya matope ya watu wengine, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu na kuandika kwa herufi kubwa RETIRÉ, maana yake imenyang'anywa. Akapuliza wino ukauke, akaitia permi mfukoni mwake.

Edmond hakulia. Hasira yake ilikuwa imepita kilio. Alikwenda kukaa juu ya sanduku la bati, akaliona lori jipya likiondoka bila yeye, na shangazi Mukandori akimpa jembe.

Sasa, mkono wa Bwana Dussart ulianza kuvimba ukawa kama muhogo wa miaka miwili. Muuguzi wa Pinga akaufunga kwa vijiti, akasema hospitali ni Goma, tena leo. Gari lilikuwa limepoteza taa na bampa, lakini injini iliunguruma bila lawama. Tatizo lilikuwa dogo. Madame hakujua kuendesha. Bwana Administrateur alizoea kutembea kilima hadi kilima kwa miguu na wapagazi wake, na usukani aliujua kwa kuutazama tu. Watu wakaulizwa Pinga nzima. Wakulima walikuwapo, wavuvi wa mtoni walikuwapo, hata mwalimu wa katekisimu alikuwapo. Shofere alikuwa mmoja.

"Wewe!" aliita Bwana Administrateur. "Utawapeleka Goma. Haraka."

Edmond alisimama, akavua kofia. "Bwana, mimi si shofere tena. Niko mulimaji."

"Ninakuamuru!"

"Bwana, kuendesha bila permi ni jela. Sheria yenu wenyewe."

Bwana Dussart, aliyekuwa ameegemea nguzo iliyobaki, akatoa mlio. Bwana Administrateur akawa mwekundu kuliko wino wake. Akatia mkono mfukoni, akaitupa permi mbele ya Edmond. Edmond aliiokota, akaipangusa, akaifungua, akairudisha kwa mikono miwili kama mtu anayepokea komunyo.

"Asante, Bwana. Lakini hapa iko maandishi nyekundu. Kwenye bariere ya Sake, pale wanasimamisha magari, iko polisi anajua kusoma, alisomeshwa na mapadri. Ataona RETIRÉ, atanifunga, na Bwana Dussart atabaki njiani na mukono wake. Ni muzuri kitu kingine kiandikwe juu."

"Kitu gani?"

"Mimi sijui Kifaransa mingi, Bwana. Neno lile munaandikaka karani akikosea."

Mkono wa Bwana Dussart ukamuuma tena, akaanza kuita mama yake kwa Kiflamandi. Bwana Administrateur alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akachovya kalamu, na mkono wake ukaenda polepole kama wa mtoto wa darasa la kwanza: akakata RETIRÉ kwa mstari, na juu yake akaandika ERREUR. Kosa. Akatia sahihi. Edmond akamkumbusha kwa upole muhuri.

Baadaye Edmond akapanda mbele. Alipeleka mkono chini ya kiti, akavuta kishikio, na kiti kikateleza mbele, ta-ta-ta, kama kilivyotengenezwa na mafundi wa Ulaya kiteleze. Miguu yake ikatua kwenye pedali barabara. Bwana Administrateur alikuwa amesimama dirishani na aliona yote. Kisha akasema anakwenda kutafuta kahawa.

Mgonjwa alilazwa nyuma, kati ya hema na kreti, amelewa dawa. Edmond aliendesha polepole, hakupiga honi, na matope yote kumi na moja yalipitwa bila mtu kushuka. Karibu na mwisho wa msitu akazima injini ghafla.

"Nini?" Madame alinong'ona.

Tembo sita walikatiza njia, na mtoto wao, bila kuharakisha, wakiwa karibu hata mtu angewagusa mkia. Madame alishika mkono wa Edmond bila kujua. Nyuma, mwanamume kamili alikoroma.

"Kwa nini hukuendesha wewe tangu mwanzo?" aliuliza Madame, tembo wa mwisho alipopotea.

Edmond aliwasha injini. Madame akaishika kofia yake, na hakuuliza tena mpaka Goma.

Jumatatu msafirishaji alifungua permi. Alisoma RETIRÉ, uso ukamkunjamana. Akasoma ERREUR. Akasoma sahihi, akapeleka muhuri kwenye mwanga wa dirisha.

"Administrateur ameandika mwenyewe kwamba amekosea?"

"Kwa mukono wake, Bwana."

"Nina miaka ishirini katika Kongo hii," alisema msafirishaji, "sijaona kitu kama hicho." Akacheka hadi akafuta macho, akatoa ufunguo wa lori akauweka mezani, lakini kidole chake kikabaki juu yake. "Lakini niambie kweli, Hakorimana. Ulishaanguka na gari?"

"Mara moja tu, Bwana," alisema Edmond. "Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma."