Mayai ya Kiguru

Yai la kwanza lilimpasukia mkononi, na uvundo ukapanda mpaka kwenye vigae vya paa. Odiel De Moerloose hakuhitaji kulimulika la pili. Alilitupa ukutani kwa nguvu zake zote, njiwa sitini wakaruka kwa mpigo, vumbi na manyoya vikajaa banda zima.

"Viza!" alipiga kelele. "Tena viza!"

Ilikuwa mara ya pili mwaka huo. Mayai ya Machi yalikufa hivyo hivyo, siku ya nane. Na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba dume limezeeka, mbegu zimekwisha. Siku ya nne aliyamulika kwa tochi akaona mwenyewe mishipa myekundu imetandaa ndani kama mizizi, na katikati nukta inapiga. Walikuwa hai. Alikwenda klabuni kwa wafugaji wenzake akajigamba mpaka bia ikamwagika. Siku nne baadaye, wamekufa. Kwa nini?

Dume mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni mwa kiota, kwa mguu mmoja, akimtazama kwa jicho la rangi ya chungwa. Huyo ndiye Kiguru. Miaka kumi na minne. Kijiji kizima cha kando ya mto Dender kilimjua. Katika mashindano ya njiwa alitoka Barcelona siku ya tatu ya joto la kuunguza, risasi za wawindaji zimemvunja mguu, akaingia bandani akiruka kwa ule mmoja uliobaki, wa kwanza katika mkoa mzima. Tangu siku ile wafugaji walikuja mlangoni kwa Odiel kofia mkononi. "Jozi moja tu ya mayai, bwana Odiel." Jozi ya mayai hapa ni zawadi ya kiungwana, watu hupeana kama jirani anavyompa jirani mbegu za kabichi. Odiel hakumpa mtu. "Damu ya Kiguru haitoki nyumbani kwangu," alijibu, na mlango ukafungwa.

Hata Cyriel Haelterman, fundi bati wa nyumba ya pili, aliyemfungia mfereji wa paa bila kudai hata bia, aliomba akanyimwa.

Kisha ukungu wa Ufaransa ukameza watoto watano wa Kiguru mashindanoni kwa siku moja, na kipanga akamchukua wa sita juu ya mnara wa kanisa. Akabaki baba peke yake. Ama azae tena masika haya, ama damu ile ifutike duniani.

Odiel aliinama kukusanya maganda. Hapo ndipo alipouona. Nyuma ya sanduku la kiota, umeegemea ubao: mwiko. Mwiko wa mti, mpini mrefu, ncha imeungua upande mmoja. Damu ilimchemka. Nani huleta mwiko katika banda la njiwa? Mtu amepanda ngazi hii. Mtu ameingia humu, ameyakoroga mayai yake au ameyatikisa, akakimbia akasahau silaha yake.

Aliuficha ndani ya koti, wala hakumwambia mtu. Ushahidi hauonyeshwi kabla ya kesi. Siku hiyo hiyo alinunua kufuli, akalitia kwenye mlango wa banda, na ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na medali yake ya Bikira Maria.

"Unamfungia nani?" aliuliza mkewe, Zulma, akiwa jikoni na sufuria ya vitunguu maji.

"Ninayemfungia anajijua."

"Na maji nitawapelekeaje ukiwa umelala mchana?"

"Maji nitapeleka mimi. Kuanzia leo hakuna mguu unaopanda ngazi ile isipokuwa wangu."

Zulma alitaka kusema kitu. Alikuwa binti wa mfugaji, amekulia chini ya njiwa, na baba yake alikuwa na banda lililoheshimika kabla Odiel hajajua kushika njiwa. Alisema lile alilokuwa akilisema tangu Machi: "Odiel, acha kuyashikashika mayai yale."

"We mwanamke, mayai ya nani?"

"Nasema tu. Kila jioni? Kila jioni juu, kila jioni tochi?"

"Unanifundisha njiwa?"

Zulma akafunga mdomo, na akaufunga kwa hasira, kwa maana yeye naye hakuwa maji baridi.

Odiel alikaa kwenye kiti chake kando ya jiko la makaa, akafungua kopo. Kila jioni baada ya chakula alifanya vile. Miaka thelathini na nane ya kiwanda cha viberiti ilikuwa imemla viungo vya vidole, na dawa iliyomfaa ni ile ya mama yake: mafuta ya nguruwe, kafuri na tapentaini. Alijipaka mpaka viganja vikang'aa, vidole vikalegea. Ndipo alipoweza kushika vipago vya ngazi. Ndipo alipopanda.

Siku kumi baadaye mambo mawili yalitokea bandani kwa juma moja, na yote mawili yalimtia wazimu.

La kwanza, jozi ya walezi iliangua. Walezi ni njiwa wa hovyo, dume na jike wa kijivu wenye mistari miwili ya kawaida mbawani, waliowekwa kuwalea watoto wa wengine ikihitajika. Kiota chao kilikuwa sakafuni, pembeni, karibu na gunia la mahindi. Odiel hakuwahi kuyagusa mayai yao. Na humo, katika majani machafu, makinda mawili ya manjano yalikuwa yakinyoosha shingo.

"Ya takataka yanaanguliwa!" alimfokea Zulma akishuka. "Umesikia? Ya takataka yana afya kama mapadri! Ya mfalme yanaoza!"

Zulma aliweka kisu chini. "Mangapi?"

"Mawili. Kwa nini?"

"Basi yavishe pete."

Odiel alicheka kicheko kibaya. Pete za alumini za mwaka ule, zenye namba zake, zilikuwa kwenye mtoto wa meza, zimefungiwa. Kinda huvishwa siku ya saba au ya nane, mguu ukiwa bado laini. Zikipita siku chache pete haipiti tena, na njiwa asiye na pete hakubaliwi katika shindano lolote, hata aruke kama malaika.

"Mimi nivishe pete mbwa wa mtaani?"

"Yavishe pete, Odiel. Nakuomba."

"Yakinenepa yatakwenda kwenye supu."

"Niulize basi kwa nini nakuomba."

"Sikuulizi!" Alipiga meza, vikombe vikaruka. "Kila mtu anajua njiwa kuliko mimi! Fundi bati anajua, mke wangu anajua, paka anajua!"

Uso wa Zulma uliiva wekundu. "Vema," alisema. "Usiniulize." Akarudi kwenye viazi vyake, na kisu kikawa kinakata vipande vinene.

La pili, jike wa Kiguru alitaga tena. Na siku ya tatu baada ya yai la pili, Odiel alimkuta Kiguru kifudifudi sakafuni, mbawa zimefunuka kidogo, kama aliyetua safari ndefu. Alimzika chini ya mti wa peasi. Sasa yalibaki mayai mawili duniani. Aliyamulika asubuhi, akayamulika jioni. Aliyapapasa kuona kama yana joto. Aliyaweka sikioni. Chini huko Cyriel alipiga bati, ngwa, ngwa, ngwa, na kila pigo lilimwingia Odiel kwenye meno.

Siku ya nane, Jumapili, yalinuka.

Hakupiga kelele. Alivaa koti, akatia mwiko ndani, akaenda klabuni. Misa ilikuwa imetoka. Wafugaji walikuwa wamejaa chumba cha nyuma cha klabu, glasi mkononi, wakibishana juu ya upepo. Odiel alipita katikati yao mpaka meza ya Cyriel, akaupiga mwiko mezani, pa!

"Wako huo!"

Cyriel aliutazama. Alikuwa mtu mfupi mpana, mwenye alama za kuungua mikononi. "Wangu? Mimi sipiki, jirani. Muulize mke wangu, ataapa."

Watu wakacheka. Odiel akazidi kuwaka.

"Nimeukuta bandani kwangu! Nilikunyima mayai, ukaona bora tukose wote! Umeniulia damu ya Kiguru, mwizi wewe! Watu wamesema kweli, kikulacho ki nguoni mwako!"

Kicheko kilikatika. Cyriel alisimama polepole.

"Rudia hapo pa mwizi."

"Mwizi! Na muuaji!"

"Mfereji wa paa lako nimeufunga mimi," alisema Cyriel. "Mwanao alipokwenda jeshini, nani alikubebea makaa ukiwa na homa? Leo mimi mwizi, kwa mwiko? Ondoka mbele yangu, Odiel. Ondoka kabla sijasahau kwamba una mikono mibovu."

Odiel aliondoka, mwiko mkononi kama rungu. Njiani aliamua: kama hakuna wa Kiguru, hakuna wa mtu yeyote. Atayanyonga yale makinda ya walezi leo hii, mchana huu.

Zulma alikuwa amesimama mlangoni kwa jikoni. Aliona uso wake, kisha akaona alichoshika.

"Ala! Unafanya nini na mwiko wangu?"

Odiel alisimama. "Wako?"

"Wangu, wa nani tena? Umeungua ncha siku ya harusi ya dada yako. Miaka thelathini na moja unakula supu iliyokorogwa kwa mwiko huo, hukujua? Nimeukosa mwezi mzima!"

"Ulikuwa bandani."

"Najua ulipokuwa. Niliuacha mwenyewe, nilisikia viatu vyako uani nikashuka mbio." Alimpokonya. "Baba yangu hakugusa yai kwa kidole, Odiel. Aliliinua kwa mwiko mkavu. Yai linapumua. Ganda lake lina vitundu, huvioni, lakini vipo. Wewe unajipaka kopo zima la mafuta na tapentaini, halafu unakwenda kulipapasa. Unaliziba pua. Kitoto kinakufa ndani kimekosa hewa, na wewe unarudi kesho kulipapasa tena uone kama bado hai!"

Odiel alitazama viganja vyake. Viling'aa.

"Nilikuambia Machi. Nilikuambia Aprili. Ukaniambia mayai ya nani. Basi yalipotagwa yale ya pili, nilipanda na mwiko wangu. Ya Kiguru nikayapeleka chini kwa walezi, ya walezi nikayaweka kwa Kiguru. Uliyoyaua mara ile yalikuwa ya walezi. Na ya tatu ningeyaokoa vilevile, ila ulinifungia kufuli."

Odiel alipanda ngazi bila kuhisi vidole. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili. Zulma alimfuata nyuma, akamsukuma kando, akainama kwenye kiota cha sakafuni.

Makinda yalikuwa na siku kumi na nne sasa, manyoya yameanza kuchomoza katika mirija yake. Odiel hakuwa ameyatazama hata mara moja tangu siku ya kwanza. Alimwaga mahindi akapita. Sasa alitazama. Mbawani hapakuwa na mistari miwili. Palikuwa na madoadoa meusi, mengi, mazito, kama ya Kiguru. Hakuna mfugaji asiyejua hilo, mtoto wa klabuni anajua: njiwa wawili wa mistari hawazai madoadoa. Ilikuwa imeandikwa pale, mbele ya macho yake, karibu na gunia la mahindi.

Alishuka, akafungua mtoto wa meza, akarudi na pete. Alikusanya vidole vitatu vya mbele vya kinda la kwanza, akasukuma. Pete ilifika kwenye kifundo, ikakwama. Akasukuma tena. Kinda lilimpiga kwa bawa na kumdona kidole kwa hasira isiyo na hofu.

"Utamvunja," alisema Zulma.

"Itaingia!"

"Odiel! Utamfanya kiguru wa pili."

Akaacha. Pete ilianguka, ikaviringika sakafuni ikatulia. Alijaribu la pili. Hata kifundoni haikufika. Watoto wa Kiguru, wa mwisho, wazima, wasio na jina. Hawatakwenda Barcelona. Hawatakwenda hata kijiji cha pili.

"Kwa nini hukuniambia?" Alitaka kufoka, sauti ikatoka kama mkwaruzo. "Siku ile ya pete. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulipiga meza yangu," alisema Zulma. "Na mimi nina kichwa changu. Hilo ni kosa langu, nitalibeba. Hayo mengine yote beba mwenyewe." Kisha akasema, bila kulainisha sauti, "Watoto wao watavaa pete. Mwakani. Kama mayai hayataguswa." Akanyoosha mkono.

Odiel alivua ufunguo shingoni akampa.

Jumapili iliyofuata alikwenda klabuni, mikono imesuguliwa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi imepasuka. Alisimama mbele ya meza ya Cyriel.

"Mwiko ni wa mke wangu," alisema. "Mayai niliyaua mimi, kwa mafuta ya mikono. Wewe si mwizi."

Cyriel alikunywa bia yake taratibu, akafuta povu mdomoni. "Wale wa nyuma hawajasikia, jirani."

"Wamesikia."

"Ulinitukana kwa sauti iliyofika kanisani."

Mishipa ya shingo ilimsimama Odiel. Kidogo tu angegeuka aondoke. Alifumba ngumi, akazifumbua, akageukia chumba kizima na kupaza sauti mpaka glasi zikalia rafuni: "Cyriel Haelterman si mwizi! Mwakani jozi ya kwanza ya mayai ni yake! Mmesikia, mbwa nyie?"

"Sasa tumesikia," alisema Cyriel. Akakisukuma kiti kwa mguu. "Keti. Na ole wako uniletee mayai hayo kwa mikono yako. Atayaleta Zulma."